Uliza Ujibiwe: Waswidi wa migodini, kaskazini ya mbali

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari za Waswidi wa mwanzo waliohamia kwenye miji ya migodi kaskazini mwa Marekani, ile ya chuma na shaba huko Michigan na Minnesota karibu na Ziwa Superior, na Nome kule Alaska kwenye dhahabu. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotegemea, tumechagua hizi.

Swali: Mimi siku zote nimesikia Waswidi walienda Marekani kulima. Sasa ilikuaje wakaishia chini ya ardhi wanachimba chuma?

Ulivyosikia ni kweli kabisa, na ndio maana stori yao inaniuma. Wengi walikuwa wakulima maskini na vibarua wa mashamba ya watu, wakafukuzwa na njaa ya miaka ya 1867 mpaka 1869, manake mwaka wa kwanza baridi na mvua viliharibu mazao, uliofuata ukawa wa ukame. Huku Marekani sheria ya mwaka 1862 ilikuwa inatoa ekari 160 kwa mtu atakayekaa miaka mitano na kuilima, hata mgeni alipewa ilimradi ametangaza nia ya kuwa raia. Ukisikia hivyo ukiwa huna hata nusu ekari si unafunga mzigo?

Ila ardhi kuwa ya bure haina maana maisha ni ya bure. Ng'ombe unanunua, jembe la kukokotwa unanunua, mbegu unanunua, na chakula cha msimu mzima kabla hujavuna pia unanunua. Hela hiyo ilipatikana wapi? Migodini. Mtu anaingia Ishpeming au Negaunee, miji ya migodi ya chuma huko Michigan, akisema nakaa miaka miwili tu nakusanya mtaji, afu naenda zangu shambani. Na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanaume wa Marekani wakiwa jeshini, kampuni za shaba za Michigan zilituma mtu mpaka Norwei na Uswidi kutafuta wafanyakazi, kwahiyo njia ilishaanza kufunguka mapema.

Baada ya hapo barua ndo zikafanya kazi. Kaka anamwandikia mdogo wake, anamtumia na tiketi iliyolipiwa kabisa, mdogo mtu anapanda meli Göteborg mpaka Hull Uingereza, anachukua treni mpaka Liverpool, halafu meli kubwa ya kuvuka Atlantiki. Ndio maana unakuta wachimbaji wa sehemu moja wanatoka kijiji kimoja.

Swali: Kazi yenyewe ilikuwaje huko chini? Walikuwa na mashine?

Mwanzoni mikono tu. Mmoja anashika tindo refu la chuma kwenye mwamba, wenzake wawili wanalipiga na nyundo nzito kwa zamu, na kila pigo likishuka yule mshikaji anazungusha tindo kidogo ili tundu litoke mviringo. Mwanga ni mshumaa uliobandikwa kwenye kofia kwa udongo mbichi au umechomekwa ukutani kwenye kishikio cha chuma. Hebu fikiria mikono yako iko pale na nyundo inashuka gizani! Mtu alitaka mshirika anayemwamini, na mara nyingi alikuwa ndugu yake wa damu au mtu wa kwao. Tundu likifika kina wanajaza baruti, wanawasha utambi, wanakimbia. Mashine za kutoboa zilikuja baadaye, kazi ikaenda haraka lakini vumbi nalo likaongezeka.

Malipo mara nyingi yalikuwa kwa mkataba, yaani kikundi kinalipwa kwa urefu waliochimba, mwisho wa mwezi nahodha wa mgodi, yaani msimamizi wa kazi ya chini, anapima. Hao manahodha wengi walikuwa watu wa Cornwall, Uingereza, waliokuja na ujuzi wa uchimbaji toka kwao. Kabla hujashika hela yako wanakata ya mishumaa, wanakata ya baruti, wanakata ya utambi, kwahiyo mwamba ukiwa mgumu mwezi huo unaweza kutoka jasho lote na usione kitu cha maana. Mswidi mgeni asiyejua Kiingereza hata mkataba hakupata, alianzia kusukuma mabehewa ya mawe.

Kuhusu ajali sitaki kupamba. Mwamba wa juu ulikuwa unaporomoka, na baruti iliyogoma kulipuka ilikuwa inasubiri mtu aje aiguse na tindo. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilianza Michigan mwaka 1912 na Minnesota 1913. Kabla ya hapo kampuni ikionyesha kosa ni la mfanyakazi mwenzako basi mjane harudi na kitu toka mahakamani. Ndio maana walianzisha vyama vyao vya kufa na kuzikana, kila mwezi mtu anatoa mchango, akiumia anapata posho na akifa anazikwa kwa heshima. Kwangu mimi hivi vyama ni kitu kikubwa zaidi walichojenga kwenye ile miji, kuliko hata majengo.

Swali: Mnaongea wanaume tu, wanawake walikuwa wapi?

Asante dada kwa swali hili, lilitakiwa kuwa la kwanza.

Wanaume wengi walikuja bila wake, wanalala kwenye nyumba za kupanga ambapo mama mmoja anapika, anafua na kusafisha kwa wanaume labda kumi na zaidi. Kukiwa na shifti ya usiku na ya mchana kitanda hakipoi, huyu anaamka mwingine analala. Huyo mama anaamka kabla ya wote kuwasha jiko na kujaza ndoo za chakula cha mgodini, ndoo yenye chai chini na chakula juu. Mara nyingi humo kulikuwa na mkate wa kukunja wenye nyama, viazi na kitunguu ndani, chakula cha wale wa Cornwall ambacho Waswidi na Wafini walikiiga wakakifanya chao, manake unakaa na joto muda mrefu na ukipoa unaupasha juu ya koleo kwa mshumaa.

Na kufua sasa! Chuma cha kule ni chekundu, vumbi lake linaingia kwenye uzi wa nguo, kwenye ngozi, kwenye mashuka, kwenye mbao za sakafu. Maji yanabebwa kwa ndoo, wakati wa baridi unayeyusha theluji, nguo ukianika nje inakakamaa kama ubao. Kazi hii haikuandikwa kwenye daftari la kampuni yoyote lakini bila hiyo hakuna shifti ingeshuka chini. Wasichana wao walifanya kazi za ndani kwa familia za mameneja, wakajifunza Kiingereza haraka kuliko kaka zao, na hela zao ndo zilinunua tiketi nyingi za ndugu waliobaki Uswidi.

Swali: Ni kweli Waswidi watatu ndio waliogundua dhahabu ya Nome?

Karibu kweli. Septemba 1898 John Brynteson, Erik Lindblom na Jafet Lindeberg walipata dhahabu Anvil Creek, kijito cha karibu na Nome. Brynteson na Lindblom walizaliwa Uswidi ila Lindeberg alikuwa wa Norwei, nchi ambayo mpaka 1905 ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Uswidi, watu wakawaita wote Waswidi Watatu wenye Bahati. Sasa hiyo bahati tuitazame. Brynteson alishafanya kazi kwenye migodi ya Michigan, kwahiyo mwamba aliujua. Lindblom alikuwa fundi cherehani.

Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana mpaka kwenye mchanga wa ufukweni, na sensa ya 1900 ikahesabu watu 12,488 pale Nome, wengi kwenye mahema, mahali ambapo hakuna miti na bahari inaganda toka vuli mpaka karibu Juni. Julai 1900 akaja mwanasiasa Alexander McKenzie na jaji wake Arthur Noyes, wakanyang'anya migodi kwa amri ya mahakama, kisingizio kikubwa kikiwa eti wageni hawana haki ya kumiliki. Mahakama ya rufaa ya San Francisco ikawazuia, McKenzie akafungwa kwa kudharau mahakama ingawa rais McKinley alimsamehe baada ya miezi michache tu. Mimi naona hiyo kesi inafundisha kuliko dhahabu yenyewe: hata mgeni aliyefanikiwa, uraia wake ndo ulikuwa mahali pa kwanza kushambuliwa.

Swali: Na wenyeji wa huko je?

Ardhi ilikuwa yao. Upande wa Ziwa Superior ni Waojibwe, waliachia eneo lile la madini Michigan kwa mkataba wa La Pointe mwaka 1842. Nome ni nchi ya Wainupiat, na mwaka 1900 huohuo wa msongamano, surua na mafua viliua wengi mno pwani ile, watoto wakabaki yatima. Wamisionari wa Kiswidi walikuwepo Unalakleet, kijiji cha pwani hiyohiyo, toka 1887 na walihangaika kuwatunza. Sio sawa kuelezea mji huo bila kulitaja hili.

Swali: Mwishoni walipata hayo mashamba?

Baadhi. Wengine walinunua ardhi ya kaskazini iliyokatwa magogo ikabaki visiki na mawe, kiangazi wanang'oa visiki, baridi ikiingia wanarudi kukata mbao au kushuka mgodini kutafuta hela ya kodi. Wengine walihamia useremala na reli. Na karibu mmoja kati ya watano wa wahamiaji wote wa Kiswidi alirudi Uswidi. Kule chini nafasi zao zilichukuliwa na Wafini, Waitaliano na watu wa Ulaya ya mashariki, nao wakianzia palepale, kusukuma mabehewa.