Nani mweusi wa kwanza kupata Oscar?

Swali: Habari zenu wahariri, kaka angu kang'ang'ania mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ni Sidney Poitier, mi nabisha. Nani mkweli?

Jibu: Umeshinda wewe. Ni Hattie McDaniel, kazaliwa Wichita, Kansas, 1893, wazazi wake walizaliwa utumwani. Oscar kaipata Februari 1940 kwa kucheza yaya kwenye filamu ya Gone with the Wind, Poitier kaja kuipata 1964 huko.

Ila usiku wenyewe unauma jamani, hoteli ya Ambassador pale Los Angeles ilikuwa haipokei weusi, mpaka mtayarishaji wa filamu aombe ndo akaingia, wenzake wamekaa pamoja yeye kawekewa kimeza pembeni ukutani, maua meupe kichwani, akaenda kupokea machozi yanamlenga. Na hakupewa hata kile kisanamu, waigizaji wasaidizi enzi hizo walipewa kibao cha tuzo tu.

Kafariki 1952, alikuwa kaomba azikwe makaburi ya Hollywood wakamkatalia, eti ya wazungu. Kile kibao alikiachia chuo cha Howard kikaja kupotea, 2023 ndo kikatolewa kingine badala yake.