Maswali ya Wasomaji: Tangawizi ya Gesi Iliyopasua Chupa

SWALI: Ndugu Mhariri, natengeneza kinywaji cha tangawizi chenye gesi bila hamira ya dukani. Huanza na chachu ya tangawizi mbichi, sukari na maji, kisha nikaichanganya na chai ya tangawizi iliyopoa, yenye sukari gramu 100 kwa lita. Safari hii nilijaza chupa za kioo, nikazifunga barabara na kuziacha kabatini siku kadhaa, na moja ikapasuka. Sababu ni nini, na je, kinywaji hiki kina kilevi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwanza, chupa zilizobaki usizitikise. Zifunike kwa taulo nzito, kinga macho, kisha legeza vifuniko polepole.

Maswali yako mawili yana chanzo kimoja. Hamira asilia inayoishi kwenye ganda la tangawizi (ndiyo maana tangawizi ya chachu huoshwa lakini haimenywi) hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi pamoja na alkoholi, tena kwa uzito unaokaribiana: gramu 10 za sukari huzaa takriban gramu 5 za kila kimoja. Kwa kuwa soda ya kawaida ina gesi ya gramu 6 hivi au zaidi kidogo kwa lita, sukari iliyohitajika kukupatia gesi ya kutosha ilikuwa kama gramu 12 tu. Zilizosalia uliziweka kwa ajili ya utamu, lakini kwa hamira nazo ni chakula, na katika joto la Tanga huliwa kwa kasi.

Tumia chupa za plastiki zilizokuwa na soda, ambazo hustahimili mgandamizo na kukujulisha hali ya ndani. Acha nafasi ya vidole viwili juu, ziminye asubuhi na jioni, na mara zinapokuwa ngumu zisibonyee, zitie kwenye jokofu; pwani, siku moja au mbili mara nyingi zinatosha. Baridi hupunguza kasi ya hamira bila kuiua, kwa hiyo kinywaji kimalizwe mapema, na chupa ifunguliwe ikiwa bado baridi ili gesi isitoke kwa kishindo.

Kuhusu kilevi, ndiyo, kimo. Ukiwahi kuzuia uchachu, alkoholi haitafika asilimia 1. Ukiiacha hamira imalize sukari yote, kinywaji kitakuwa na nguvu ya bia. Uhalali wake waulizwe masheikh, lakini asiyetaka alkoholi hata chembe asipite njia hii: achemshe tangawizi na sukari hadi iwe nzito, aipoze, kisha aimimine kwenye maji ya gesi ya dukani wakati wa kunywa. Atakosa ule ukali wa chachu ambao, kwa maoni yetu, ndio unaostahili usumbufu wote huu.