Unang'oa transfa? Mkuu, zima grainda kwanza

Mkuu mleta uzi, nimesoma mpango wako wa kugeuza gari lako la porini la dizeli liwe la umeme lenye jenereta, hadi pale ulipoandika kwamba giaboksi na transfa (lile sanduku nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, lenye gia ya chini ya porini) zinatoka zote, mota inakaa katikati ya chesisi, na kisanduku cha cheni cha moja kwa moja kinagawa nguvu mbele na nyuma "kwa sababu umeme hauhitaji gia". Hapo nikasimama. Maswali yako mengine, ya betri, jenereta, kuvuka maji na breki, yatasubiri. Hili halisubiri, maana umesema mtu wa vyuma chakavu ameshakuja kuiangalia hiyo transfa na anarudi Jumamosi.

Usimpe. Giaboksi mpe, klachi mpe, hata ile dizeli kongwe mpe kama moyo unaruhusu. Transfa ibaki ilipo, na ile membari ya chesisi, yaani chuma cha kukatisha kinachoibeba, usiiguse hata kwa tindo.

Aliyekuambia umeme hauhitaji gia simjui, lakini wa kwangu namjua vizuri sana. Alikuwa anauza mota na kontrola zilizotolewa kwenye magari yaliyopata ajali, na alikuwa na ulimi. "Gia ni ugonjwa wa injini za mafuta," ndivyo alivyoniambia. "Mota ina nguvu yote kuanzia sifuri." Akanionyesha video ya gari la umeme likiliacha gari la mashindano kwenye lami. Nami nikaona nimepata mwalimu! Nikakata membari, nikalehemu kikapu cha betri kwenye nafasi ya transfa, nikauza transfa yenyewe. Nilijisikia mhandisi.

Ubaya ni kwamba maneno yake ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Mota inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha ikiwa imesimama, sawa. Swali ni nguvu hiyo ni kiasi gani ikifika kwenye tairi. Wewe umesema unachukua mota ya Nissan Leaf ya mwanzo, 80 kW na Nm 280 (niutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kama yangu. Difu zako, zile gia za kwenye eksili, ni 4.1. Tairi ina nusu kipenyo cha sentimita 38. Haya, piga hesabu nami: 280 mara 4.1 ni Nm 1,148 kwenye magurudumu. Gawa kwa 0.38, unapata kama niutoni 3,000 za kusukuma gari. Ndizo hizo tu, hakuna nyingine iliyofichwa mahali.

Sasa weka gari kwenye mizani. Na betri, jenereta, tangi na watu, hutakosa kilo 2,200, yaani uzito wa niutoni 21,500 na ushee. Lami inadai chini ya sehemu moja ya hamsini ya uzito huo ili gari lisonge, kwa hiyo kwenye lami utaruka kama swala na utapiga simu kwa marafiki wote waje waone. Mimi nilipiga. Mchanga laini unaweza kudai sehemu moja ya tano. Moja ya tano ya 21,500 ni 4,300. Wewe una 3,000. Sizungumzii kilima hapa, mkuu. Ni mchanga tambarare, na gari haliondoki.

Mlima nao: kwa niutoni 3,000, hata tukisema ardhi ni ngumu na hakuna msuguano wowote, gari linakwama kwenye mwinuko wa nyuzi 8 hivi. Nyuzi 8! Hiyo kwa gari la porini ni matusi. Na zile tairi za inchi 33 unazozitamani zitakupunguzia karibu sehemu moja ya kumi ya hicho kidogo ulicho nacho, kwa sababu gurudumu likikua, nguvu ileile inasukuma kwa udhaifu zaidi.

Linganisha na dizeli unayoidharau. Tuseme inatoa Nm 200 tu. Gia ya kwanza 4, transfa kwenye 4L, yaani gia yake ya chini, 2.5, difu 4.1, jumla mara 41. Ni Nm 8,200 kwenye magurudumu, mara saba ya mota yako ya kisasa. Ndiyo maana lile gari bovu linalotoa moshi mweusi linapanda na wewe unabaki chini ukilipigia makofi.

Yule mwalimu wangu hakuniambia kwamba hata hayo magari ya umeme ya lami yana gia. Mengi yana moja tu, lakini ipo, kwenye sanduku lililofungwa pamoja na mota. Leaf ina punguzo la 7.94, yaani mota inazunguka mara 7.94 gurudumu likizunguka mara moja. Tesla Model S ya mwanzo, ile ya mota moja ya nyuma, ilikuja na 9.73. Ukiitoa mota peke yake ukaacha sanduku lake la gia kwenye mzoga, umeacha sehemu kubwa ya nguvu huko. Mimi niliacha sanduku, nikachukua mota, nikashukuru kwa punguzo la bei. Cheka tu, umeruhusiwa.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu kukwama peke yake si hasara. Mtu akikwama anachimba, anavutwa, anarudi nyumbani na vumbi. Hasara ilikuja kwa sababu mota haipigi kelele. Injini ya mafuta ukiionea inaunguruma, inatetemeka, klachi inanuka, mwisho inazima na unapata akili. Mota inakaa kimya. Umekanyaga mpaka chini, gari halitembei, kuna kamlio kembamba kama ka mbu, na unadhani bado kidogo tu litatoka. Majirani waliliita lile gari jiko la umeme, na kitaalamu walikuwa sahihi kabisa: mota isiyozunguka haifanyi kazi yoyote, kwa hiyo kila wati inayoingia inageuka joto.

Na joto hilo haligawanyiki sawasawa. Kutoka kwenye inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uweze kuzungusha mota, kuna nyaya tatu nene kwenda kwenye mota. Mota ikizunguka, mkondo mkubwa unapokezana kwenye hizo nyaya, kila mmoja anabeba kisha anapumzika. Mota ikiganda huku umekanyaga, zamu zinakufa. Waya mmoja unabaki na kilele cha mkondo, na zile swichi za semikondakta zinazouhudumia zinachemka peke yao huku wenzake hawana habari nzito. Kipozi cha maji kinazunguka vizuri, geji ya joto la maji inasoma kawaida, maana joto linazaliwa kwenye kipande kidogo, haraka kuliko maji yanavyoweza kulikimbilia.

Inveta nzuri inajilinda, inapunguza mkondo yenyewe. Yangu ilikuwa inafanya hivyo, na mimi nililalamika kwamba gari "linakata nguvu" kwenye mchanga. Mwalimu wangu akaniambia niingie kwenye programu ya kontrola nipandishe kikomo cha joto, "usije ukakatwa katikati ya mlima". Nikapandisha. Kwenye mchanga wa safari iliyofuata ukasikika mlio mmoja, pap, kama mtu amevunja kijiti kikavu, halafu harufu. Harufu ile ukishaisikia hutaisahau. Hata leo kibaniko cha mkate kinanishtua.

Nilipompigia, unajua alisema nini? Alisema tatizo ni aina ya mchanga! Kwamba mchanga wangu ni mwepesi mno. Nikakaa kimya nikitafuta kama kuna duka linalouza mchanga mzito. Halafu, msikie, akaniuzia inveta kubwa zaidi.

Na mimi nikanunua. Hapo ndipo pesa halisi ilipokwenda, kuliko hata pale mwanzo. Inveta kubwa inasukuma mkondo mkubwa, na joto la waya halipandi sambamba na mkondo, linapanda kwa kipeo cha pili: mkondo mara mbili, joto mara nne. Swichi za inveta mpya zikavumilia vizuri tu. Ila mota haikuvumilia. Varnishi ya koili iliungua ndani, koili zikagusana, na mota iliyokuwa nzima ikawa uzito wa kufungia boti. Betri nayo haikufurahia ile mikondo, lakini hiyo ni hadithi ya uzi mwingine.

Dawa ilikuwa kipande cha chuma nilichokiuza kwa bei ya kilo.

Rudisha transfa kwenye hesabu uone. Kwenye 4L ya 2.5, zile niutoni 3,000 zinakuwa 7,500. Mchanga ukidai 4,300, unabaki na 3,200 za kuongeza mwendo au kupanda. Kwenye ardhi ngumu unapanda karibu nyuzi 20. Na mota inazunguka mara mbili na nusu zaidi kwa mwendo uleule wa gari, kwa hiyo kwa kazi ileile inahitaji mkondo mdogo mara mbili na nusu hivi, na joto kwenye koili linashuka mara sita. Hujanunua kitu. Hujapandisha kikomo chochote. Umevuta mkono wa gia tu.

Kuna watakaokuja hapa chini kusema "lakini 4L ni ya kutambaa". Kwa dizeli, ndiyo. Mota ya Leaf inaweza kuzunguka hadi karibu mizunguko 10,000 kwa dakika. Transfa haikujengwa kwa kasi hiyo, bearingi na mafuta yake yamezoea kasi ya injini, kwa hiyo jiwekee kikomo kwenye programu, tuseme 5,000. Kwa 4L, difu 4.1 na tairi hizo, 5,000 inakupa km 70 kwa saa. Sabini! Porini unataka nini zaidi? Ukifika lami unarudi kwenye gia ya juu ya transfa na una mwendo kuliko breki zako zinavyostahili. Giaboksi haihitajiki tena, mwalimu wangu alipatia hapo. Alichanganya giaboksi na transfa, au alijua tofauti akanyamaza kwa sababu transfa haikuwa kwenye orodha ya bidhaa zake. Mimi naamini la pili.

Wengine watakuambia uchukue mota ya Leaf pamoja na sanduku lake la 7.94 ulifungie hapo katikati. Utapanda ukuta, kweli, ila kwa difu za 4.1 mota ikifika mizunguko 10,000 gari linakimbia km 44 kwa saa. Hilo ni trekta. Kama shamba lako ni kubwa, sawa.

Usidhani haya ni mawazo ya fundi wa uani aliyeungua akaogopa. Jeep walipotengeneza Wrangler 4xe ya haibridi, yaani ya mafuta na umeme pamoja, waliibakiza transfa, na ile ya Rubicon ina punguzo la 4:1. Mercedes-Benz G 580 ya umeme ina mota nne, moja kwa kila gurudumu, na bado kila mota wameipa gia yake ya chini ya 2:1. Watu wenye maabara na wahandisi wa kujaza uwanja wameona gia ya chini inahitajika, sisi wenye grainda na mashine ya kulehemu ya kuazima tunaona haihitajiki?

Kuhusu jenereta, haraka: hiyo ya 5 kW uliyoitaja haitakufanya haibridi. Gari la sanduku kama hilo likienda km 80 kwa saa linakula kama 20 kW. Kajenereta kako kanatoa robo. Betri ya Leaf ya 24 kWh ikiisha, utakaa chini ya mti kwa muda wa karibu saa tano ukiisikiliza jenereta inajaza. Ama uweke injini halisi yenye jenereta ya 20 kW na kitu, ama ukubali kwamba ni gari la umeme lenye chaja ya dharura, na hilo si baya. Betri ya Prius ya kizazi cha pili sahau kabisa, ina kama 1.3 kWh, ukiinyonya 20 kW haifiki dakika nne. Na yoyote utakayochukua, kumbuka kapasita za inveta, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinabaki na chaji hata baada ya kukata betri. Volti 360 za DC hazikupi nafasi ya kusema samahani.

Hizi hesabu nimezipiga kwa namba ulizoziandika mwenyewe, na uzito nimekisia. Kabla ya Jumamosi pima nusu kipenyo cha tairi gari likiwa chini, si kwa kuangalia maandishi ya pembeni. Hesabu meno ya difu au soma kibati. Angalia uwiano wa 4L kwenye kitabu cha gari, maana transfa hazifanani, hiyo ya LT230 ya Land Rover Defender kwa mfano ni 3.32 na ingekufaa zaidi kuliko yangu ya zamani. Uzito pima ukiwa umepakia kila kitu, pamoja na spea na maji. Ziweke hapa, nitakupigia hesabu upya leo hii hii, na picha ya ile membari pia nitaiomba nione kama bado ni nzima.