Maswali ya walimu: Daftari la mtoto wa Kongo

SWALI: Nafundisha P5 (darasa la tano la msingi) wilayani Isingiro, Uganda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wanafunzi wangu ni 78, robo hivi Wakongomani. Wanachekwa wakisoma Kiingereza, na hesabu wanafeli. Walimu wenzangu wanasema warudishwe P2. Nifanyeje? – Mwalimu, Isingiro

JIBU: Mwalimu, kwanza fungua daftari lao uone wanavyogawa. Huku kwetu, 84 kugawa kwa 6, ile 6 hukaa kushoto na jibu, 14, hupanda juu. Aliyeanzia shule Kongo anafuata mtindo wa Kifaransa: 6 iko kulia nyuma ya mstari, 14 iko chini yake. Msahihishaji aliyechoka akikuta juu hamna kitu, anaweka kosa. Nukta nayo ni mtego. Tatu na nusu mtoto huyo anaiandika 3,5, na 2,500 ya ubaoni aweza kuisoma mbili na nusu! Iandike mitindo yote miwili ubaoni, sambamba. Akipenda, aeleze wake kwa Kiswahili. Habari za vita usimwulize mbele ya watu.

Kabla ya kumshusha darasa, mpe hesabu kumi za tarakimu tupu, kisha kumi za mafumbo kwa Kiingereza. Yale atakayokosa, msomee upya kwa Kiswahili. Akiyapata, kinachomshinda ni lugha. Kijana wa miaka 14 ukimketisha na watoto wa P2, usishangae akiacha shule. Wenzako wakishikilia, wakumbushe Sheria ya Wakimbizi ya 2006: katika elimu ya msingi mtoto mkimbizi hutendewa sawa na raia.

Halafu jipime wewe. Chora ramani ya madawati, na kila unayemwita ajibu mwekee kijistari, wiki nzima. Mara nyingi vijistari hurundikana mbele, kwa wale wale. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano ndipo uchague; anayetafsiri kichwani huchelewa kuinua mkono. Karatasi za mtihani ziandikwe namba, majina uyaone baada ya kusahihisha.

Kicheko kikatize palepale kwa sentensi moja, somo liendelee. Aliyecheka mwite baada ya kipindi, peke yake. Viboko sheria imevikataza, na kuombeshwa radhi mbele ya darasa hulipizwa njiani jioni, kwa yule yule aliyechekwa.