Jibu: Chama cha wahitimu wa Mlimani Marekani, michango imekwama

Salamu ndugu. Umeandika kwamba wahitimu wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mlioko Marekani mko tayari kuchangia chuo, ila mwajiri wa mmoja wenu hataki kuongezea fedha zake juu ya mchango wa mfanyakazi wake bila barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inayoonyesha chama kimesamehewa kodi: kwanza angalia kama mmesajili shirika kwenye jimbo lenu. Kama bado, anzeni hapo. Halafu jazeni Fomu 1023-EZ, ombi fupi la IRS la msamaha wa kodi, ada dola 275, mradi hamtarajii mapato kupita dola 50,000 kwa mwaka.

Sisi tulikwama kwenye katiba. Tuliandika kila senti iende chuoni moja kwa moja, kumbe kosa! Bodi yenu ndiyo iamue pesa ziende wapi, la sivyo mchangiaji hapati nafuu ya kodi. Na mtume 990-N, taarifa fupi kwa IRS, kila mwaka. Mkiruka miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi unafutwa.