Muulize Sista: Dawa ndani ya uji

SWALI: Habari yako Sista. Kaka yangu ana miaka 26. Alilazwa kwa ugonjwa wa akili, akapata nafuu, akarudi nyumbani na tembe za haloperidoli. Sasa amezikataa, anasema majirani wanataka kumtilia sumu. Mama huzisaga na kuzikorogea kwenye uji wa asubuhi. Juzi alionja, akatema, bakuli lote akalimwaga kwenye sinki. Tangu hapo hali chakula cha nyumbani. Tufanyeje? – Dada mtu, Umoja

JIBU: Mpe mama pole, najua ni uchungu wa mzazi uliomsukuma. Lakini mchezo huo wa uji ukome leo.

Hebu kaa upande wa kaka yako. Anaamini anatiliwa kitu kwenye chakula. Anaonja uji, una ladha ngeni, na kweli umetiwa kitu! Ugonjwa umepata shahidi, na shahidi mwenyewe ni mama mzazi. Tena akiacha nusu bakuli, nani anajua amemeza kiasi gani? Daktari ataongeza dozi akidhani ile ya kwanza haikufaa. Na zipo tembe ambazo hazifai kusagwa hata kidogo.

Mama amwambie ukweli: "Nilikutilia dawa, sitarudia." Atakasirika, na ana haki. Kisha mpakue wote kutoka sufuria moja, yeye ajipakulie mwenyewe, nanyi mtangulie kula.

Katika barua yako sijaona mahali mlipomuuliza dawa inamfanyia nini mwilini. Sumu ni sababu moja. Huenda zipo nyingine. Haloperidoli hukakamaza watu wengi: mikono inatetemeka, udenda unatoka, mtu anatembea kama aliyefungwa ubao mgongoni. Wengine hawawezi kutulia kitini, wanazunguka chumba usiku kucha, na jamaa wanasema "ugonjwa umemrudia", kumbe ni dawa. Halafu kuna la nguvu za kiume, ambalo kijana hawezi kumwambia dada yake, sembuse mama. Mtafutieni mjomba au rafiki anayemwamini amuulize. Mkiyajua hayo, yaandikeni na mwende naye kliniki. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au akaongezewa benzhexoli ya kupunguza ukakamavu, ile wengi wanaiita Artane. Ipo pia sindano inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, ikamwondolea tembe za kila siku. Aelezwe zote, naye atoe neno lake: sheria yetu ya afya ya akili hapa Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2022, inampa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake.

Kuhusu majirani, usibishane naye wala usimkubalie. Mwambie, "Mimi sijaona wakifanya hivyo, lakini naona unaogopa. Usiku ulilala?" Muuguzi Mmarekani Hildegard Peplau aliandika tangu mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Wodini nimeona mtu akikataa dawa kwa zamu nzima, akaja kuipokea kwa mkono wa yule mmoja asiyemdanganya.

Shingo ikimpinda, macho yakigeukia juu, au mwili ukipata joto kali huku umekakamaa na hajielewi, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni idara ya dharura saa hiyo hiyo.

SWALI: Sista, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimepangwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa mafunzo na naogopa kupigwa na wagonjwa. – Mwoga, Kasarani

JIBU: Hospitali ile ilianza mwaka 1910, na mpaka leo jina lake ni tusi kwenye matatu. Hofu yako uliipata humo, si wodini. Wagonjwa wengi utakaowakuta wamechoka na wana woga kukuzidi.

Hata hivyo, jua mlango uko wapi, na usisimame kati yake na mgonjwa aliyepandwa na hasira. Mwachie nafasi, simama kiubavu, shusha sauti, sema maneno machache. Ukigawa tembe, mpe maji, mpigie gumzo kidogo, kisha mwombe kwa heshima afungue mdomo na kuinua ulimi.

Ukihisi mtu anawaza kujiua, muulize waziwazi. Swali halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwahidi siri na usimwache peke yake. Mwite muuguzi wa zamu. Wala usimtishe kwa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Na kitambulisho chako kibane mfukoni, usikining'inize shingoni kwa kamba.