Anza kwa kusema "ni mgonjwa"

Mara ya kwanza nilipowaita polisi kwa ajili ya mdogo wangu, nilipiga kelele kwenye simu: "Anavunja vitu, njooni haraka!" Wakaja wanne, mbio, kama walioitiwa mwizi. Muda si muda alikuwa na pingu mikononi, na usiku ule akalala mahabusu bila dawa zake. Niliwalaumu miaka mingi. Siku hizi nakiri kwamba nami nilichangia: niliripoti fujo, wakaja kutuliza fujo.

Mara ya pili nilianza hivi: "Mdogo wangu ni mgonjwa wa akili. Ameacha dawa wiki mbili, halali, anasikia sauti. Hana silaha. Kama mna askari aliyefunzwa mambo haya, mleteni yeye. Tunataka apelekwe hospitali." Kama ana kisu, sema ana kisu. Ukificha, watakiona wenyewe mlangoni, na hapo hakuna atakayekuwa na subira tena.

Askari wa aina hiyo wapo, ingawa si kila kituo. Mpango maarufu zaidi ulianzia Memphis, Marekani, mwaka 1988, baada ya polisi kumuua kwa risasi mgonjwa wa akili aliyeshika kisu; wanaojiunga nao husoma saa 40. Uingereza nako, tangu 2017, ni marufuku kumweka selo mtoto wa chini ya miaka 18 eti kwa sababu tu amechanganyikiwa. Kwenu ikoje? Ulizia sasa, nyumba ikiwa shwari.

Aliyekuja safari ile alizima king'ora mbali. Aliingia peke yake, akavua kofia, akaketi kwenye ngazi, chini kuliko mdogo wangu. Redio ilikuwa imefumuliwa sakafuni, skrubu zimepangwa mstari. Akauliza, "Hii ilikuwa inasemaje?" Mdogo wangu akamweleza, kwa kirefu mno. Mimi nikataka kudakia, yule askari akaninyamazisha kwa kiganja. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha wakatoka pamoja kwenda garini, bila pingu.

Familia, tujifunze kunyamaza. Watu watano wakisema kwa pamoja, hata mzima anachanganyikiwa.

Ukiombwa kuandika maelezo, soma kabla ya kutia sahihi. Neno "alinishambulia" linaweza kuzaa kesi ambayo kesho hutaweza kuifuta, hata ukilia. Kama kweli alikuumiza, usidanganye, ila ugonjwa wake uandikwe humo humo. Uliza pia wanampeleka wapi, na uandamane nao. Mapokezi ya hospitali usiku yanajua kuchosha: askari wana kazi nyingine, mgonjwa ametulia kidogo, na mtu anaanza kusema arudi nyumbani. Hapo ndipo unapohitajika wewe, unayejua kwamba juzi alilala saa moja tu.

Sasa nyuma ya mlango wetu tumebandika karatasi: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, simu ya daktari, mambo yanayomtisha. Niliiandika mimi. Alipopata nafuu aliisoma, akafuta sentensi yangu moja, halafu akaongeza yake kwa kalamu nyekundu: "Msinishike bega kutoka nyuma. Niiteni jina kwanza."